Injini Mbili, Fungua Moja: Kufufua Boti Kuukuu ya Jeti Mombasa

Kazi yangu ni friji na viyoyozi. Mchana utanikuta juu ya ngazi hotelini Nyali au Bamburi, mtungi wa gesi begani. Jioni narudi Tudor, na uani chini ya mwarobaini kuna boti. Ni Sea-Doo Speedster ya katikati ya miaka ya 1990, urefu futi 14 na ushei, ina injini mbili za Rotax 717 zilizolala ubavu kwa ubavu upande wa tezi, yaani nyuma. Niliikuta Mtwapa kwenye kiwanja cha mtu, imejaa maji ya mvua hadi kwenye viti, viluwiluwi vya mbu vinacheza ndani. Mwenyewe alitaka laki mbili. Nilimpa laki moja na thelathini pamoja na trela lisilo na tairi hata moja, na mke wangu hakusema nami hadi Jumatatu.

Miezi 14 baadaye boti ile ilipita chini ya daraja la Nyali bila kuvutwa na mtu. Watu watatu wameshaniuliza nilifanyaje, na kila mmoja nimemjibu nusu nusu kwenye simu huku nimeshika spana. Basi hapa yote, kwa mpango niliotamani mtu angenipa mimi.

Kwa asiyeijua, boti ya jeti haina prapela inayochungulia nje. Kila injini inazungusha impela ndani ya bomba. Maji yananyonywa kupitia wavu ulio tumboni mwa boti, yanatemwa nyuma kwa nguvu, na ule mdomo wa kutemea ndio unaogeuka kushoto na kulia. Usukani wako ni maji yenyewe. Ukiachia petroli maji hayatoki, na boti haigeuki. Itakwenda pale pale ilipoelekea hata ukizungusha usukani kama dereva wa matatu Makupa. William Hamilton wa New Zealand aliutia makali mtindo huu miaka ya 1950 kwa sababu mito ya kwao ni ya kina kifupi na mawe. Sisi tumeurithi pamoja na mchanga wa mkondo wa Tudor, na huo mchanga nitaurudia.

Kabla hujatoa pesa

Zungusha injini kwa mkono kwanza. Toa ile kamba ya usalama ya kuwashia, toa na waya wa betri, ndipo uingize mkono nyuma kwenye pampu, ushike mapezi ya impela na uzungushe. Fanya hivyo pande zote mbili. Injini yenye uhai inakwenda kwa uzito na kukupa pumzi kila nusu duru, kama mtu anayepuliza chai. Ikizunguka kilaini mno, kompresheni, yaani nguvu ya kubana hewa ndani ya silinda, imekwisha. Ikikataa kabisa, shusha bei, lakini usikimbie. Ya kwangu ya kulia ilikuwa imekamata. Nilitoa plagi, nikamimina kwenye kila silinda dizeli iliyochanganywa na oili ya giaboksi ya otomatiki, nikawa naongeza kidogo kila jioni. Siku ya tano ikaachia kwa mkono mtupu. Ukitia bomba refu kwenye spana ili kulazimisha, utavunja kitu ambacho hakikuwa kimevunjika.

Pili, uzito. Chini ya deki kumejazwa povu gumu la kuifanya boti ielee hata ikijaa maji. Likikaa ndani ya maji miaka, nalo hulewa. Piga deki na ubavu kwa mpini wa bisibisi, hatua kwa hatua, usikilize. Pakavu pana mlio wa meza; palipooza pana mlio wa embe bivu. Mimi nilipiga, nikasikia, nikajidanganya. Jirani yangu mmoja, mzee aliyetengeneza mashua Bandari ya Kale ujana wake wote, alikuja kuitazama boti iliposhushwa uani. Hakugonga popote. Alishika omo, pua ya boti, kwa mikono miwili, akajaribu kuinyanyua, akaniambia, "Mwanangu, umenunua na bahari pia."

Tatu, karatasi. Nyuma ya boti, upande wa kulia wa tezi, kuna namba ya bodi yenye herufi na tarakimu 12. Mbili za mwisho ni mwaka wa modeli. Ilinganishe na karatasi za muuzaji na risiti za ushuru. Boti isiyo na karatasi haina bei nzuri hata ukipewa bure, maana siku ya kwenda kwa watu wa Kenya Maritime Authority kuisajili utaulizwa ilitoka wapi.

Msimu nao uutumie. Kusi ikianza kuvuma Aprili, na masika juu yake, bahari haina raha kwa chombo kidogo, basi huo ndio wakati wa kufungua nati. Hesabu yako iwe kushusha kwenye maleleji au kaskazi ya mwanzo, Novemba hivi. Mimi nilikosa Novemba ya kwanza nikashusha ya pili.

Fungua moja

Hili ndilo nililokuja kulisema, mengine ni maelezo yake.

Jumamosi ya kwanza nilizifungua injini zote mbili. Niliona kama ninafua: nguo zote beseni moja. Kufika Magharibi nilikuwa na kabureta nne juu ya gunia, mipira ya petroli imekatwa, skrubu zote ndani ya mkebe mmoja wa Kimbo. Nilijisikia fundi. Wiki tatu baadaye, spea zilipofika, nilipiga magoti mbele ya mashimo mawili matupu nikiwa na kijivalvu cha plastiki mkononi, kile kinachoruhusu hewa kwenda upande mmoja tu, na sikujua kinaelekea wapi. Wala hapakuwa na pa kutazama. Nilikuwa na jibu la kila swali pale pale ubavuni, nikalibomoa kwa mikono yangu.

Injini mbili zinazofanana ni zawadi. Ile usiyoigusa ndiyo kitabu chako, ndiyo picha yako, ndiyo geji yako. Kwa hiyo anza na ile mbovu zaidi, na nzuri usiiguse hata nati mpaka mbovu ingurume. Kila waya na mpira unaoutoa, ufunge utepe: mwekundu wa injini ya kushoto, wa kijani wa kulia, kama taa za meli zinazoingia Kilindini usiku, usije ukasahau. Mikebe nayo iwe mingi. Mke wangu alinipa vikopo vya mtindi, nikaandika juu ya kila kimoja kwa kalamu ya wino mzito. Kitabu cha ufundi cha modeli yako kitafute pia, lakini kitabu hakikuonyeshi kwamba fundi wa kabla yako alipitisha mpira juu ya kebo badala ya chini. Injini ya pili inaonyesha.

Mrenda kwenye kabureta

Kama boti yako ni Sea-Doo ya miaka ile, angalia rangi ya mipira ya petroli. Ikiwa ya kijivu na imeandikwa Tempo, usibishane nayo, itoe yote, kuanzia tangi hadi kabureta, pamoja na ule wa kurudisha. Mipira hiyo huoza kwa ndani, na kinachotoka kinasafiri na petroli hadi kwenye kabureta.

Kufungua kabureta za Mikuni kunataka subira. Skrubu zake zina msalaba wa mtindo wa Kijapani. Bisibisi yetu ya kawaida inaingia lakini haikai, na ukizungusha inaruka na kula kichwa. Tafuta bisibisi ya JIS. Ukikosa, chukua yenye ncha butu kidogo, iweke wima, igonge kwa nyundo mara mbili ili skrubu ishtuke, halafu geuza huku umeegemea kwa kifua. Niliziharibu mbili kabla ya kujua haya, na kila moja ilinigharimu jioni nzima ya kutoboa.

Mfuniko ukishatoka, utaona utando mwembamba mweusi. Unyanyue polepole kwa kucha. Chini yake, ndani ya kitundu, kuna kichujio cha waya kidogo kuliko ukucha wa kidole cha mwisho. Changu kilikuwa kimefunikwa na uteute wa kijani uliovutika nilipougusa kwa sindano, mrenda uliolala hasa. Niliinua kichujio juu ya balbu, hakuna tundu hata moja lililopitisha mwanga. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini injini ya kulia ilikamata. Katika injini ya mipigo miwili oili inaingia pamoja na petroli na hewa. Petroli ikipungua, moto ndani unapanda, pistoni inavimba na kushika ukuta. Aliyeiendesha mwisho huenda alisikia tu boti ikipoteza nguvu, akakandamiza zaidi.

Osha kila kijia kwa dawa ya kabureta na upepo wa kompresa, badilisha utando na sindano kwa kiti kipya, tia vichujio vipya. Usitumie waya kuzibua jeti, vile vitundu vya kabureta vinavyopima petroli. Utaipanua kidogo usichokiona kwa jicho na injini itakiona. Mipira mipya iwe ya petroli ya boti, na kibano kila ncha. Swichi ya kuchagua petroli ya kawaida au ya akiba nayo uifungue, maana ule mrenda hukaa humo pia, na utakurudia mwezi wa pili ukidhani umeshamaliza.

Pumzi

Pima kompresheni injini ikiwa na betri nzuri, plagi zote mbili nje, petroli imekandamizwa mpaka mwisho. Waya za plagi zikae kwenye nguzo zake za ardhi zisiunguze koili. Kwa Rotax 717 nzuri utapata karibu na psi 150 kila silinda. Kilicho muhimu kuliko namba ni tofauti: silinda mbili za injini moja zisiachane zaidi ya asilimia 10. Injini yangu ya kushoto ilitoa 145 na 148. Ya kulia, 150 na 90.

Ile 90 ilipofunguliwa, pistoni ilikuwa na mikwaruzo ya wima upande wa moshi, alumini imepakwa kwenye ukuta wa silinda. Silinda ni ya milimita 82. Nilipeleka kwenye karakana ya vyuma Shimanzi ikapanuliwa robo milimita, pistoni na ringi zikaagizwa za saizi hiyo. Ushauri wangu hapa ni mfupi: pistoni ije kwanza, ndipo silinda ichongwe kwa kuifuata. Usichonge kwa namba ya kwenye katalogi. Na panua silinda zote mbili za injini hiyo, si moja.

Ukishafunga, usiwashe. Ziba njia ya hewa, ziba ya moshi, kisha ujaze upepo ndani ya krenki uone kama unakaa. Mimi kwa mazoea nilivuta mtungi wa naitrojeni ninaopimia mabomba ya viyoyozi, mkono ukiwa tayari kwenye regyuleta, ndipo nikakumbuka kwamba kiyoyozi kinapimwa kwa mamia ya psi, na hapa tunataka 7 tu. Ningezitupa sili zote uani kwa jirani. Nikatumia pampu ya baiskeli ya mpwa wangu. Paka povu la sabuni kwenye kila ungio; panapotoa mapovu ndipo patakapoingiza hewa, na hewa ya wizi inaleta ukame ule ule ulioua pistoni ya kwanza.

Oili: nunua iliyoandikwa API TC. Ile ya TC-W3 ya injini za nje za wavuvi ni rahisi kuipata, inauzwa kila mahali, na si yake. Pampu ya oili ina alama mbili zinazotakiwa kukutana petroli ikiwa imeachiwa. Zikipishana, rekebisha kebo. Tangi la kwanza baada ya ukarabati, mimi huchanganya oili na petroli pia, sehemu 1 kwa 50, juu ya ile inayoletwa na pampu. Moshi utakuwa mwingi na majirani watasema. Wacha waseme. Plagi ni NGK BR8ES, pengo nusu milimita. Nunua nane, kwa kuwa nne za kwanza utazilowesha.

Pampu, mchanga na friza

Impela inazunguka ndani ya pete ya plastiki. Pete hiyo imewekwa iumie yenyewe ili bomba lisiumie. Mchanga na vijiwe vinaichonga, nafasi inapanuka, maji yanateleza kurudi nyuma. Dalili yake ni injini kupiga kelele kubwa huku boti imekaa kitako. Pitisha fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia nafasi, kati ya ncha ya pezi na pete, pande nne. Ikipita milimita 1, pete imekwisha. Yangu ilipita mbili, na kwenye shafti nilikuta kamba ya nailoni ya wavuvi imejisokota ngumu kama mpini, na ndani yake kipande cha mfuko wa plastiki, wa zile zilizopigwa marufuku Agosti 2017. Boti ilikuwa imelala tangu enzi hizo.

Pete kuukuu ikate kwa ubao wa msumeno wa chuma kutoka ndani, mikato miwili, ukiangalia usiguse chuma. Mpya inaingia kwa kubana sana, na watu huipiga nyundo mpaka inakaa upande. Hapa nilijivunia kazi yangu: niliiweka kwenye friza usiku kucha ikanywea, asubuhi nikapaka kibomba sabuni, ikaingia kwa kiganja. Fanya haraka, hapa kwetu inarudi saizi yake kabla hujamaliza kusema bismillahi. Na mjulishe mwenye jiko. Mimi sikumjulisha.

Mfuniko wa nyuma wa pampu una oili yake. Ifungue na uitazame: ikiwa nyeupe kama chai ya maziwa, maji yameingia, badilisha sili. Halafu kagua pale shafti inapoingia ndani ya boti, kuna pete ya kaboni na mpira wa mikunjo unaoisukuma. Mpira ule ukipasuka, maji yanaingia kwa kishindo, na boti yenye injini mbili ina matundu mawili ya namna hiyo. Nilibadilisha mipira yote miwili bila kufikiri sana.

Faiba na povu

Nilikata deki pembeni mwa kiti cha nyuma, nikachimba povu lililolowa kwa jembe dogo la bustani. Yalitoka magunia matatu ambayo sikuweza kuyainua peke yangu. Acha tumbo la boti likauke wiki kadhaa, feni inapuliza, baada ya kuosha chumvi kwa maji baridi mara kadhaa. Chumvi iliyobaki inanyonya unyevu wa hewa yetu na faiba mpya haitashika.

Povu la vimiminika viwili nalijua, ni ndugu wa lile linalojazwa kwenye kuta za friji. Linatulia sekunde chache kisha linapanda kama maziwa jikoni. Mimina kidogo kidogo, subiri, mimina tena, na uache tundu la kupumulia. Ukimimina lote kwa pamoja litainyanyua deki yako, na hakuna wa kumshtaki.

Kuziba tundu la faiba: kingo zichongwe ziteremke pole, kwa kila milimita 1 ya unene mteremko wa milimita 12. Ukiziba kwa kiraka kilichokaa tu juu, kitabanduka. Hadina, dawa ya kugandisha, kwenye rezini ya poliesta ni kati ya asilimia 1 na 2, na kwa joto la Mombasa usizidi 1. Nilichanganya saa saba mchana mara moja. Kikopo kilitoa moshi, kikayeyuka mkononi, na brashi ikabaki imesimama ndani ya jiwe. Tangu hapo kazi ya faiba ni baada ya Alfajiri hadi saa tatu, basi. Vaa barakoa yenye vichujio vya mvuke, si kitambaa. Chini ya maji nilitumia epoksi, nikapaka rangi ya boti juu, kwa sababu jelkoti, lile ganda la rangi la nje la boti za faiba, haikai vizuri juu ya epoksi. Rangi ni nyeupe. Sina zaidi la kusema kuhusu rangi. Hapo ndipo watu wanapomaliza pesa kabla injini haijawaka.

Umeme

Badilisha waya zilizogeuka kijani ndani ya ganda lake, tumia zilizopakwa bati, jaza grisi kwenye kila plagi ya umeme. Basi. Lakini injini moja ikikataa kutoa cheche, hapo ndipo utakapozishukuru zote mbili. Hamisha koili ya upande mzima kwenda upande mgonjwa. Ugonjwa ukihama na kifaa, kifaa ndicho kibovu. Ukibaki pale pale, tafuta kwenye waya. Mwenye injini moja angenunua sanduku zima la umeme kwa kubahatisha. Mimi nilitumia robo saa na spana namba 10, nikakuta waya wa ardhi uliolika.

Maji ya kuoshea

Hapa wengi huua injini waliyoifufua. Injini hizi zinapozwa na maji ya nje moja kwa moja, hivyo uani unaunga mpira wa maji kila upande. Utaratibu hauna hiari: washa injini kwanza, ndipo ufungue maji, ukimaliza, funga maji kwanza, ndipo uzime. Maji yakifunguliwa injini imelala, yanajaa kwenye bomba la moshi na kurudi ndani ya silinda. Mpwa wangu aliwahi kufungua kwa nia njema nilipokuwa natafuta funguo. Tulizitoa plagi, tukaizungusha kwa stata mpaka ikatema maji yote ukutani, tukatia oili, tukaiwasha pale pale. Ukiacha hadi kesho, kutu inakutangulia. Na usiiache ingurume nchi kavu zaidi ya dakika mbili tatu: mpira wa moshi una maji, pete za kaboni hazina.

Jambo la Mombasa sasa. Maji ya kisima chetu Tudor yana chumvi. Ukiosha injini kwa hayo umeipaka chumvi mpya. Nanunua maji baridi ya mkokoteni, mitungi minne ya lita 20, nayapandisha kwenye tangi dogo juu ya paa la choo ili yapate nguvu ya kushuka.

Kushusha

Kabla ya kuwasha, kila mara, fungua mfuniko wa injini unuse. Kisha washa feni ya kutoa mvuke dakika tano. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unalala kwenye ngama, chini kabisa ndani ya boti, na cheche ya stata inatosha. Kizima moto kiwe karibu na mkono wako, si chini ya kiti.

Shusha maji yakiwa yanajaa, si yanapokupwa. Siku za bamvua bahari yetu inapanda na kushuka zaidi ya mita 3. Ukikwama maji yakijaa utanyanyuliwa, ukikwama yakikupwa utakaa na watoto wa mtaa hadi jioni. Usiwashe kwenye kina cha chini ya mita 1 hata kama boti inaelea. Sukuma kwa mguu hadi kwenye kina, kwa sababu mchanga wa chini ndio unaokula ile pete. Makoti ya kuokolea, usajili na ukaguzi viwe tayari kabla, na njia ya feri ya Likoni na ya meli za Kilindini uiache kabisa. Ukikuta kitu mbele, kumbuka nilichosema juu: usiachie petroli halafu ugeuze. Punguza, bakisha nguvu kidogo, geuza. Wajaribu wote wa jeti hukosea hapo, na gati halisogei.

Saa 10 za kwanza usipite robo tatu ya petroli, na usikae kwenye mwendo mmoja. Linganisha mizunguko ya injini mbili. Zikitofautiana, boti itavuta upande mmoja na utadhani usukani umepinda, kumbe ni kebo ya petroli inayotaka kukazwa nusu duru. Yangu ilivuta kulia. Mzee wa Bandari ya Kale, aliyekaa mbele na kofia yake ameishika, ndiye aliyegundua kabla yangu.

Sasa kila Jumapili nikirudi naosha, natazama ngama, napima pete kwa fila geji. Imeshafika nusu milimita. Ya akiba iko tayari kwenye friza, chini ya pweza, ndani ya mfuko ambao mke wangu ameuandika kwa wino mzito: SI CHAKULA.